Wa Kushuka Naye

Boti ya Chibwe ilipinduka Alhamisi mchana kwenye Ziwa Mweru, upande wa Zambia, upepo ulipogeuka ghafla kati ya Nchelenge na kisiwa cha Isokwe. Abiria wote waliokolewa na wavuvi waliokuwa wakivuta nyavu karibu na pale. Waliwakamata nywele, mikono, makola ya mashati, wakawarundika kwenye mitumbwi kama samaki na kuwaleta bandarini wakitetemeka. Aliyekosekana ni nahodha mwenyewe. Mwanamke mmoja aliyeokolewa alisema alimwona Chibwe akiwa tayari juu ya maji, salama kabisa, halafu akavuta pumzi na kurudi chini ya boti kumtafuta mtu aliyedhani amebaki.

Hapakuwa na mtu aliyebaki.

Ziwa likatulia kama vile halikufanya kitu. Watu wa Mweru wanajua kwamba maji yao hayakai na maiti muda mrefu. Siku ya pili au ya tatu huipandisha. Chibwe hakupanda. Wavuvi wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kimemshika. Waliyasema hayo mbali na mama yake, BanaChibwe, aliyekaa kwenye mchanga wa bandari tangu Alhamisi ile, chitenge kimefunika mabega, akikataa hata uji. Wapiga mbizi wa serikali walikuwa kwenye kazi nyingine huko mbali. Ndipo chama cha wavuvi kikamwendea Simone.

Simone alikuwa mwanamke wa Moba, ng'ambo ya Kongo. Yeye na mumewe Barthélemy walivuka mwaka ule wa 2017, wakapokewa kwenye kambi ya Kenani pamoja na umati uliokimbia vita, na sasa walilima mihogo na kunde kwenye makazi ya wakimbizi. Lakini kabla ya vita riziki yao ilikuwa majini. Barthélemy alikuwa mpiga mbizi wa Ziwa Tanganyika, mwinuaji wa injini na mizigo iliyozama, na mkewe alijifunza kwake. Sikio moja la mume lilipopasuka chini ya maji, wakabadilishana nafasi: Simone akawa anashuka na kamba kiunoni, Barthélemy anabaki juu ameshika ncha ya pili. Nchelenge nzima iliwajua hivyo. Injini ikianguka ziwani watu husema, waiteni wale Wakongo wa kamba.

Safari hii kamba haikutosha. Boti ya Chibwe ilikuwa imebeba marobota ya nyavu mpya za nyuzi za plastiki, na kwa vyovyote zilikuwa zimefunguka.

"Kushuka peke yako kwenye nyavu ni kujipeleka sokoni mwenyewe," Barthélemy alisema. "Mama, hapa unahitaji mutu wa pembeni. Na mwingine akae juu, amevaa tayari."

Watu wa kazi hiyo hawakuwa wengi. Walikuja wawili, na hawakufanana hata kwa namna ya kushika mtungi.

Wa kwanza ni Mwape, kijana wa Kashikishi mwenye sauti ya upole, aliyejifunza kuzamia Siavonga kwenye shule ya watalii. Huko walimfundisha jambo moja mpaka likamwingia kwenye mifupa: hakuna anayeshuka peke yake. Kabla ya kushuka unakagua vifaa vya mwenzako, naye anakagua vyako. Chini unamgeukia kila mara. Ukikwama unatulia, unamngoja akufikie. Hewa ikikuishia, unapumua ya kwake.

"Ba Simone," alimwita kwa heshima huku akipapasa mikanda ya mama huyo mmoja mmoja, "hewa ya mtungi wangu si yangu. Nusu ni yenu."

Wa pili ni Ruffin, mtu wa Likasi, mkavu kama kuni. Yeye alikuja na vifaa vyake mwenyewe: mitungi miwili midogo, mmoja kila ubavu, kila mmoja na mpira wake wa kupumulia, visu viwili, mkasi mzito uliofungwa kifuani. Aliyemfundisha alikuwa akizamia kwenye mabwawa ya migodi, kwenye maji meusi, na fundisho lake lilikuwa jingine kabisa. Beba kila kitu mara mbili. Usimtegemee mtu, mtu asikutegemee. Usijifunge kwa kamba wala kwa mkono.

"Chini, kila mutu na Mungu wake, yaya," alimwambia Simone, akimwita dada mkubwa. "Mutu mwenye kuogopa anapanda juu ya kichwa yako. Njo vile batu wawili banakufa pahali mmoja angekufa."

"Na mwenzako akikwama?" Mwape aliuliza.

"Kama alifundishwa vizuri, atajitoa."

"Na asipojitoa?"

Ruffin akakaza mkanda wa mtungi wake. "Basi hakufundishwa vizuri."

Jumapili baada ya ibada Simone aliwajaribu, mmoja mmoja, kwenye maji mafupi nje ya bandari. Mwape hakumwacha hata kidogo. Kila mara alihisi vidole vyake kwenye kiwiko, vikiuliza, uko sawa? uko sawa? Ilikuwa raha, ingawa mapezi ya kijana huyo yalitibua matope mpaka wote wawili wakawa kama wamefunikwa blanketi. Zamu ya Ruffin ilipofika, maji hayakutibuka. Simone aligeuka mara moja tu, na mtu akawa hayupo. Aliita kwa kugonga mtungi na kisu; kimya. Alipopanda, alimkuta Ruffin ameshafika ufukweni, anakung'uta maji masikioni.

"Ulienda wapi?"

"Sikuenda. Nilikuwa pale. Ulikuwa na shida?"

"Hapana."

"Bon, vizuri. Sasa ulikuwa unanitafutia nini?"

Simone akavua mtungi wake. Alirudi kwa mumewe aliyekuwa akikunja kamba.

"Nani anakupendeza?" Barthélemy aliuliza.

"Mwape ananipa raha. Ruffin ananipa baridi."

"Sikuuliza raha. Ukisema hapana kule chini, nani atasikia?"

Alikuwa bado analiwaza hilo alipopita karibu na BanaChibwe. Mama yule aliinua uso, ukiwa umekauka kwa jua na kilio, akamshika pindo la kitenge.

"Bamayo, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "shukeni na mutu atarudi na nyinyi. Mimi sitaki mama mwingine akae hapa na mimi."

Basi Simone akamchagua Mwape.

Ruffin hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa. "Nitakaa juu. Lakini mujue: nikishuka, nashuka vile najua mimi." Barthélemy alimtaka akubali kufungwa kamba hata kama ni mlinzi wa juu tu, Ruffin akakataa, Barthélemy akashusha pumzi na kuliacha, kwa kuwa mlinzi mwingine hakuwepo.

Jumatatu asubuhi walitoka kwa boti ya chama. Mahali penyewe hapakuhitaji kutafutwa. Mafuta ya injini yalikuwa bado yanapanda polepole kutoka chini, yakitandaza rangi za upinde wa mvua juu ya maji, na katikati ya rangi hizo wavuvi walikuwa wamefunga dumu tupu la njano. Hakuna ndege aliyetua pale. Mitumbwi ya wavuvi ilisimama mbali, wanaume wamevua kofia.

Mwape alikagua mikanda ya Simone, Simone akakagua yake. Walifungana kwa ugwe mfupi, kifundo cha mkono kwa kifundo cha mkono, vile alivyofundishwa Mwape. Kamba ya Barthélemy ikakaa kiunoni mwa Simone. Wakashuka.

Mwanga ulikuwa kwanza kama chai ya rangi, kisha kama kahawa, kisha ukaisha. Simone alinyoosha mkono mbele yake akiwa kipofu, mpaka kiganja kikagusa ubao. Boti ililala kifudifudi, tumbo lake likiwa limekumbatia matope. Aliipapasa kuelekea nyuma. Ugwe ulimwambia Mwape yuko, anamfuata. Halafu kitu chembamba kikamgusa shavu, kama nywele za mtu.

Wavu.

Alisimama. Alirudisha kichwa nyuma taratibu, akautoa wavu usoni kwa vidole viwili, akamvuta Mwape kumwambia asisogee. Lakini Mwape alikuwa amekwisha kusogea. Alihisi mvutano, akadhani mwenzake anamwita, akaja karibu amfikie kama shule yake ilivyomfunza, na alipokuja akaingia kwenye nyavu kwa kifua, mtungi na mapezi. Ugwe ukakazana. Simone alimpapasa: nyuzi zilikuwa zimemzunguka mabega na shingo ya mtungi, na kila alipojigeuza ziliongezeka. Kwa haki ya Mungu, Mwape alifanya alivyofundishwa. Akatulia. Akangoja. Mwenzake alikuwa amemfikia tayari. Shida ni kwamba mwenzake naye alikuwa amefungwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na kisu kidogo kinachokata uzi mmoja huku mitatu inajifunga.

Simone alivuta kamba mara nyingi, bila mpango. Hatari.

Mwape aliyetulia mwili hakutulia pumzi. Simone alisikia mapovu yake yakitoka mfululizo, kama sufuria inayochemka, kisha yakakatika. Kiganja kikamgonga kifuani. Alielewa. Akampa mpira wake wa pili, nao wakawa wanapumua mtungi mmoja, mashavu yamegusana, na kila alipovuta pumzi Simone alihisi mtungi umekuwa mzito zaidi wa kutoa hewa.

Hapo ndipo mkono mgumu ulipomsukuma bega. Krr, krr, krr: mkasi. Ruffin hakugusa watu, aligusa nyuzi tu. Aliwazunguka kama fundi anayezunguka gunia, na nyavu zikaachia. Kisha akawasukuma juu, wote wawili, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani.

Walitokea kwenye jua wakiwa wamekumbatiana. Barthélemy aliwavuta ndani. Mwape alitapika maji, akalia bila aibu.

"Ruffin?" Simone aliuliza.

Barthélemy alinyoosha kidole. Mapovu yalikuwa yakipanda karibu na dumu, mahali pamoja, machache, kwa nafasi. Mtu anayepumua kwa kubana. Walingoja yasogee. Hayakusogea.

"Amekwama," Barthélemy alisema. "Na hana kamba. Nitavuta nini, mimi?"

"Twende wawili, ba Simone," Mwape alisema. "Tusishuke mmoja."

Ndani ya boti mlikuwa na mtungi mmoja tu uliojaa. Barthélemy alikuwa ameshaanza kuufunga mgongoni mwa mkewe. Mikono yake ilikuwa mitulivu lakini hakumwangalia usoni, naye Simone alijua kwa nini. Akachukua kisu kikubwa cha kupasulia samaki kilichokuwa sakafuni. Akarudi chini kwa njia ya zamani, ya Tanganyika: yeye, kamba, na mume wake juu.

Alifuata sauti ya mapovu. Ruffin alikuwa amelala chali, nusu yake chini ya ukingo wa boti. Ubao ulikuwa umetua juu ya nyavu na nyavu zimemkaza kwa nyuma, kwenye mikanda ya mitungi iliyopita mgongoni, mahali ambapo mkono wa mwenye kuvaa haufiki. Simone alimgusa bega.

Ruffin alirusha mkono. Maumivu ya moto yakapita kwenye mkono wa Simone, na alijua amekatwa na ule mkasi. Alimwekea mpira wake wa hewa kiganjani. Ruffin akausukuma mbali. Akajaribu tena, akasukumwa tena, teke likampata nyonga. Kwa muda hofu ilimjaa: huyu atajiua, na ataniua. Na kisha ikamjia kwamba mtu huyu hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anafanya alivyofundishwa. Mkono unaokuja gizani ni adui.

Basi Simone akajitenga. Akamwachia nafasi. Akazunguka kichwani kwake bila kumgusa mwili, akapapasa nyuzi tupu, zilizokazwa kama kamba za ngoma, akazikata kwa kile kisu cha samaki, fundo baada ya fundo. La mwisho lilipokatika, boti nzima iliguna. Ilijiinua kidogo kwenye matope, ikatoa pumzi kubwa ya hewa iliyokuwa imefungiwa tumboni, na Simone akahisi Ruffin akichomoka na kupanda, peke yake, bila kugeuka. Kitu kingine kikampita Simone kwenye paja, kizito, laini, bila haraka. Alidhani ni robota la nyavu. Hakungoja kujua.

Walirudi ufukweni mikono mitupu. BanaChibwe alisimama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Aliwaangalia mmoja mmoja wakishuka: Mwape, Simone na kitambaa chenye damu, Ruffin, Barthélemy. 

"Mumerudi bote," alisema. "Mungu asante." Kisha akajifunika uso kwa chitenge na kuketi tena.

Kesho yake asubuhi, Chibwe alionekana akielea kwenye matete upande wa Kafutuma. Wavuvi walimfunika kwa tanga na kumrudisha nyumbani. Akazikwa siku ile ile, maana asingeweza kungojwa zaidi, na kwaya ya kanisa iliimba mpaka sauti zikakauka.

Baada ya mazishi Ruffin alikuja walipokuwa wamefikia Simone na mumewe, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Simone alidhani amekuja kuomba msamaha kwa lile jeraha.

"Yaya," alisema, "nataka kukuuliza kitu moja. Ulinishika mukono wa kushoto. Kabla ya kunigusa bega. Namna gani ulinishika huku, halafu ukaja kwa upande mwingine?"

"Sikukushika mkono."

"Ulinishika. Nilikuwa nimekwama, nimenyoosha mukono chini ya boti natafuta njia, nikakuta vidole vyako. Mi sikuvifuata, vilikuwa pale. Nikavishika." Aliegemea mwimo wa mlango. "Mi sijawahi kushika mutu chini ya maji. Mwalimu yangu angenipiga. Lakini nilishika, na pumuzi ikatulia. Nilisema, bon, yaya amekuja, sasa nitabana hewa, sitakufa. Ulikaa na mimi murefu. Haukunivuta, haukuniachia. Ile ya bega ilinishtua kwa sababu ilitoka upande mwingine. Nilisema: huyu wa pili ni nani?"

Barthélemy aliacha kukunja kamba.

Simone angeweza kusema, ndiyo, ni mimi. Neno lenyewe lilifika kwenye ulimi. Lakini aliona macho ya Ruffin yakimtazama kitambaa cha mkononi, yakipima, na akajua mtu huyu ameshafanya hesabu yake njiani, kwamba amekuja tu kwa sababu hakutaka kuifanya peke yake.

"Mi nilikugusa mara moja," alisema polepole. "Bega. Ukanikata. Mbele ya hapo nilikuwa juu, kwenye boti, navaa mtungi. Mwape anajua. Papa Barthélemy anajua."

Ruffin aliinamia mkono wake wa kushoto kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha wenyewe. 

"Halafu ulipokata nyavu," alisema, "boti ikainuka."

"Ndiyo."

"Na yeye akatoka."

"Ndiyo, Ruffin. Naona alinipita."

Ruffin alitaka kwenda kumwambia mama wa Chibwe. Barthélemy alisema haifai, kidonda bado kibichi. Simone mwenyewe hakujua kama inafaa au haifai, lakini aliona miguu ya Ruffin ikielekea huko tayari, akamfuata. Hakutaka aende peke yake.

BanaChibwe alikuwa ndani, kwenye mkeka, wanawake wa ukoo wamemzunguka. Ruffin alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi ya heshima, akasema yote kwa maneno machache na makavu, kama mtu anayetoa mwiba. Alisema mwana wako alikaa na mimi. Alisema nilidhani ni mutu mwenye kupumua. Mwanamke mmoja alipiga kelele na kutoka nje. BanaChibwe hakupiga kelele.

"Mukono gani?" aliuliza.

Ruffin akanyoosha wa kushoto. Mama yule aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akatazama kiganja, akatazama kucha. Akauleta puani na kuunusa, kwa muda, kama anavyonuswa mtoto mchanga. Kisha akauweka mapajani mwake na kuufunika kwa chitenge.

Watu waliendelea kuja kutoa pole. Waliingia, wakaketi, wakaomba, wakatoka. Nshima, ugali wa kwao, ikaletwa, samaki wakaletwa, na BanaChibwe akala kidogo kwa mkono mmoja, mara ya kwanza tangu boti izame. Mkono wa pili haukuachia. Ruffin alikuwa bado amepiga magoti, bega limepinda vibaya, jasho linamtiririka, na Simone aliyekaa karibu na mlango aliona vidole vya mama vikikaza zaidi chini ya kile kitambaa. Alimtazama Ruffin usoni, akamwuliza kwa macho, vile Mwape alivyomwuliza kule chini: uko sawa?

Ruffin alitikisa kichwa kwamba hayuko sawa. Lakini hakuuvuta mkono wake.